Jinsi ya kuiona seli ya mmea ikiwa bado hai, kwa kitunguu, chumvi na majani ya maboga

Nilipokuwa fomu wani tulipanga foleni kwenye hadubini moja, kila mtu anachungulia sekunde kadhaa, anachora matofali anaondoka. Slaidi yenyewe ilikuwa imeshalowa iodini na iodini inaua seli, kwa hiyo darasa zima tulichora kitu kilichokufa. Sasa hivi nikikaa na madogo wa mtaani kwetu hapa Moshi naanza na seli iliyo hai, iodini inakuja mwisho kabisa.

Tafuta hadubini inayokuza mpaka mara 400, hata ya kuazima, slaidi na kavaslipu (kile kioo chembamba cha kufunikia), wembe mpya, chumvi ya jikoni na kitunguu maji chekundu. Mimi nachukua soko la Mbuyuni vile vya Mang'ola, chagua kilichokolea rangi maana hiyo rangi ndiyo itakayokuonyesha mambo. Kipasue, toa gamba moja nene, kwenye ule mgongo wa zambarau chora kwa wembe kamraba ka nusu sentimita alafu bandua ile ngozi ya juu kwa kucha taratibu, iwe nyembamba kama nailoni. Ilaze kwenye tone la maji isijikunje, shusha kavaslipu kwa kuilaza upande mmoja kwanza ili mapovu yatoke.

Anza na mara 100. Utaona vyumba virefu vimejaa zambarau mpaka ukutani. Hiyo rangi iko ndani ya vakuoli, yaani tanki la maji la seli, na kwenye seli iliyokomaa tanki hilo linaweza kuchukua hata asilimia 90 ya nafasi yote. Sasa koroga kijiko cha chai cha chumvi kwenye nusu glasi ya maji, dondoshea tone pembeni ya kavaslipu na upande wa pili gusisha tishu inyonye, na hapo usitoe jicho kabisa. Baada ya dakika moja mbili hivi zambarau inaachia kona moja, inaachia nyingine, inajivuta mpaka inabaki kama kidonge katikati ya chumba, na kuta zenyewe zimesimama pale pale. Ukiwahi kurudishia maji safi mara mbili tatu inavimba tena, ukichelewa ndo imekufa hiyo.

Chumvi imevuta maji yatoke kwenye seli, na hapo ndipo nawaambia wakumbuke tairi la baiskeli. Utando, yaani ile ngozi laini ya seli iliyo ndani ya ukuta, ni tyubu, ukuta ni tairi, maji ndio upepo, na presha ya ndani ya seli nyingi za mimea inazidi ya tairi la gari. Ndio maana mchicha ukikaa juani unalala, mama muuzaji akiunyunyizia maji unasimama tena. Lakini presha peke yake haikuzi seli, na hili naona vitabu vingi vinalipita haraka mno. Seli ikitaka kukua inalegeza ukuta kwanza: homoni ya oksini inaifanya itoe asidi kwenye ukuta, asidi inaamsha protini za ekspansini, nyuzi za selulosi zinazojenga ukuta zinateleza kidogo, presha inasukuma, na seli inaendelea kuongeza malighafi ya ukuta usije ukapasuka.

Na umbo je? Fikiria gunia la lumbesa, limefungwa kamba kiunoni haliwezi kutanuka, kwa hiyo ukiongeza mzigo linapanda juu. Seli ndefu za mzizi na shina ziko hivyo hivyo, selulosi imeizunguka seli kama pete kwa hiyo inarefuka badala ya kunenepa. Anayepanga hizo pete ni mikrotubuli, vijibomba vidogo mno chini ya utando vinavyoongoza mashine za kufuma selulosi, wanasayansi Ledbetter na Porter walivieleza mwaka 1963 na hadubini yako haitaviona. Ila kazi yake unaiona: otesha maharage kwenye kitambaa chenye maji, mzizi ukifika sentimita 2 uchore mistari ya wino kila milimita, kesho yake mistari iliyo karibu na ncha imeachana, ya juu iko vile vile.

Sasa chukua shina changa la majani ya maboga, kabla dada hajalimenya kwa ajili ya mboga. Kwangua vile vinywele kwa wembe, weka kwenye maji, panda mara 400 na punguza mwanga, watu wengi wanakosa kuona kwa sababu wameachia taa yote. Tafuta nyuzi nyembamba zinazokatiza vakuoli. Vipunje vinapita humo, vingine vinaenda vingine vinarudi, vimebebwa na protini za mayosini zinazotembea juu ya nyuzi za aktini, na mwanasayansi Corti wa Italia aliona mtiririko wa namna hii kwenye mimea tangu 1774. Mwezi wa saba kukiwa na baridi vinazubaa, shika slaidi mkononi kidogo ipate joto. Dogo mmoja alikaa kimya muda mrefu alafu akapiga kelele, "Kaka, kinatembea! Kimepiga kona!"

Fuata punje moja mpaka uipoteze. Ukimaliza ndio udondoshe iodini: kiini kinajitokeza vizuri cha kuchora, na vile vipunje vyote vinasimama.