Picha ya kamera ina kivuli? Pima omu kwanza

Kabla hujamlaumu aliyekuuzia kamera, chukua multimita. Kwenye mifumo ya video ya analogi, kebo ikipita monita ya kwanza kwenda ya pili, rezista ya omu 75 (inayomeza signali ili isirudi nyuma na kuleta kivuli, yaani picha ya pili hafifu pembeni) inatakiwa iwe moja tu, kule mwisho kabisa.

Chomoa kebo upande wa kamera, weka mita kwenye omu, gusa waya wa kati na ganda la kiunganishi. Ukisoma 75 na kidogo juu (waya wenyewe una omu chache), uko sawa. Ukisoma karibu 37, kuna rezista mbili: signali ya volti 1 inashuka hadi kama 0.67 na picha inafifia. Mita isiposoma kitu, hakuna rezista, au kebo imekatika njiani. Hapo signali inaweza kufika volti 2, weupe unapitiliza na vivuli vinaanza.

Ila mita haikuambii kama kebo yenyewe ni ya omu 75 (hizi zinahusu jinsi kebo inavyopitisha signali, si zile omu chache za waya). Hiyo soma maandishi kwenye ganda la kebo: RG59 na RG6 ni za 75, RG58 ni ya 50 na kwa macho inafanana sana na RG59. Niliwahi kukuta kipande cha RG58 kimeungwa katikati ya dari, na fundi aliyekiweka alikuwa mimi. Kwenye kiungo kama hicho, asilimia 20 ya volti ya signali hurudi ilikotoka.