Mmisionari, andika mstari mmoja kabla ya kulala

Kama unajiandaa kwenda misheni nchi ya mbali, tafuta kijidaftari kinachoingia mfuko wa shati. Si cha mahubiri. Ni cha simu ya nyumbani.

Wamisionari vijana wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho wameruhusiwa tangu Februari 2019 kuongea na familia kila wiki, siku yao ya maandalizi, ileile ya kufua na kufanya usafi. Raha kweli, ila ukipiga simu kichwa kikiwa kitupu mazungumzo yanakuwa hivi: "Hujambo mwanangu?" "Sijambo, mama." "Unakula?" "Nakula." Kisha kimya, na huku nyumbani wameamka alfajiri kwa ajili yako maana saa hazilingani.

Basi kila usiku andika mstari mmoja tu. Mtoto aliyecheka matamshi yako mpaka akakaa chini. Soli ya kiatu iliyoachia katikati ya mvua. Bibi aliyekataa kusikiliza lakini akakupa maji. Siku ya simu chagua vitatu. Na cha huzuni kiwemo. Mama ataisikia sauti yako hata ukificha.

Daftari hilohilo ligeuze, anzia nyuma: huko andika maneno mapya ya lugha ya wenyeji, vile sikio lilivyoyasikia, tahajia baadaye. Jioni msomee mwenzako unayehudumu naye. Nusu atakuwa amesikia vingine kabisa, hapo ndipo mnapomuuliza mwenyeji.