Spoti ya zamani na oili ya kisasa

Wenye magari ya spoti kuukuu hapa Malindi, hili nalisema bila kuulizwa. Juzi nimemkuta jirani anamimina oili ya 0W-20 kwenye Alfa Romeo Spider ya miaka ya 1970, eti dukani kaambiwa ndiyo ya bei zaidi. Bei ndiyo, lakini injini ile haikuundwa kwa oili nyepesi kama maji ya madafu.

Namba iliyo kabla ya W ni ya baridi, na baridi gani tuliyo nayo huku? Tazama ile ya pili: inaonyesha uzito wa oili ikishapata moto, kwenye nyuzi 100. Injini ya zamani ina nafasi kubwa kati ya vyuma, kwa hiyo Alfa ile mpe 20W-50. Ila usiipe kila gari. Mazda MX-5 ya 1990 ina tapeti za haidroli, yaani visukuma valvu vinavyojirekebisha kwa presha ya oili, na oili nzito huchelewa kuzifikia. Utasikia tak-tak-tak asubuhi ukipiga stati. Hiyo 10W-40 yamtosha.

Jambo jingine ni zinki, inayokinga vyuma visilane. Oili nyingi nyepesi za sasa zimepunguzwa zinki na fosforasi ili zisiharibu katalista, kifaa cha kusafisha moshi ambacho magari mengi ya zamani kama ile Alfa hata hayana. Kemshafti, shafti inayofungua valvu, ikisugua tapeti kavukavu huliwa taratibu. Soma mgongo wa galoni, utafute ZDDP, ndiyo hiyo zinki na fosforasi.

Na kama gari hutoka Ijumaa tu, badilisha oili kila mwaka hata kilomita hazijafika. Unyevu wa pwani hausomi mita.