Usiseme "hajambo": kabla hujampeleka mtu wako kupimwa ulemavu

Mara ya kwanza tulipompeleka mtoto wa dada yangu kupimwa ulemavu, mama yangu, bibi yake mtoto, ndiye aliyetuponza, na alituponza kwa adabu yake. Daktari, binti mdogo mwenye sauti ya upole, alimuuliza, "Mtoto anaendeleaje, mama?" Mama akajibu, "Hajambo mwanangu, alhamdulillahi." Anakula? "Anakula." Na kutembea je? "Anajitahidi." Kalamu ikayafuata majibu hayo moja baada ya jingine. Mtoto ana miaka 9 na ana mtindio wa ubongo. Huko kula kwake ni wali uliopondwa ukawa kama uji, kijiko kimoja kimoja, mama amemshika kidevu kwa mkono wa pili, saa nzima. Huko kujitahidi ni kujiburura kwa makalio kutoka mkekani hadi kizingitini. Hayo hayakusemwa, basi hayakuandikwa. Ripoti ilitoka ikimweleza mtoto nisiyemjua, aliye na shida ya kiasi, na ilitubidi tuanze safari upya.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kuzingatia hapa kwetu Kenya, kabla hata ya kutafuta fomu za kupimwa ili upate kadi ya ulemavu, ni kukaa na yule atakayejibu maswali mkakubaliana kwamba siku hiyo mtasema ukweli wote. Wanaopima hawakupimi ugonjwa peke yake. Wanataka kujua ugonjwa huo unakuzuia kufanya nini. Watu wawili wenye kiharusi, mmoja anavaa shati mwenyewe na mwingine anavalishwa, hawatoki na karatasi moja. Sisi nasi tumelelewa tusilalamike mbele ya wageni, na daktari ni mgeni.

Hata sensa imeonyesha jinsi jibu linavyoweza kumpoteza mtu. Sensa ya 2009 ilitoa asilimia 3.5 ya Wakenya kuwa na ulemavu. Ile ya 2019 ilitoa asilimia 2.2 ya walio na miaka 5 na zaidi, kama watu 900,000 hivi. Si kwamba watu walipona. Namna ya kuuliza ilibadilika: safari hii waliulizwa kuhusu kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka na kuelewa, kujihudumia, na kuwasiliana, na aliyesema ana shida kidogo hakuhesabiwa. Ilitakiwa shida iwe kubwa, au mtu aseme hawezi kabisa. Sasa muulize mtu wa Pwani kuhusu shida yake, atakwambia nini kama si "kidogo tu"?

Chukua mambo yale yale sita uyapitie nyumbani, jioni moja, bila haraka. Halafu nunua daftari la shilingi ishirini uandike wiki nzima ilivyokwenda. Usitie maneno makubwa. Letu lilikuwa na mistari kama hii: "Jumatatu. Nepi 4. Kuvaa shati dakika 20, mkono wa kushoto haukunjuki. Kifafa saa 8 usiku, dakika kama 2, alijiuma ulimi." "Jumatano. Amekataa kula. Bibi hakwenda harusini, hakuna wa kumwachia." Mstari huo wa harusi mama alitaka niufute, akaona ni wa kujionea huruma. Niliuacha, kwa sababu kama mtu hawezi kuachwa peke yake hata saa mbili, hilo ni jambo la kujulikana. Kwa kifafa, ukiwahi kukirekodi kwa simu nusu dakika, daktari ataona mengi ambayo mdomo hauwezi kuyaeleza. Mfunike tu mtoto kwanza. Yeye pia ana heshima yake.

Na andika siku mbaya pamoja na nzuri. Kuna wanaofikiri ujanja ni kuongeza chumvi. Usiongeze, wapimaji wameshaona wengi wanaojifanya, na jibu moja la uongo hutia shaka kwa mengine yote. Lakini usimvishe mtu nguo za Idi na kumpeleka siku aliyoamka vizuri ukidhani unampa hadhi.

Upande wa makaratasi, kinachosumbua zaidi ni majina. Kadi ya kliniki imeandikwa Athumani, cheti cha kuzaliwa Athman, na kitambulisho cha baba kina jina la babu ambalo kwenye cheti halipo. Kompyuta haijui kwamba ni mtu mmoja. Panga karatasi zote mezani usome jina moja moja kabla hujaondoka nyumbani, na penye tofauti nenda ukarekebishe kwanza. Mtoto akiwa hana cheti cha kuzaliwa, kama wengi waliozaliwa nyumbani, anza na hicho, maana kinachukua muda na bila hicho milango mingine haifunguki. Mtu mzima anahitaji kitambulisho chake; mtoto anahitaji kitambulisho cha mzazi au mlezi. Dada yangu yuko Saudia kikazi, kwa hiyo kila tulipohitaji karatasi yake tulisubiri apate nafasi usiku apige picha atume kwa WhatsApp, nyingine zikija na kivuli cha kidole. Kama una ndugu anayejiandaa kusafiri, mwambie aache nakala safi kabla ya kupanda ndege. Picha za pasipoti piga sita, si mbili. Karatasi za asili zibaki kwenye faili la plastiki mkononi mwako, toa fotokopi.

Usichanganye tathmini mbili. Kuna vituo vya kutathmini watoto kwa ajili ya elimu, vilivyoanza nchini mwaka 1984, ambavyo huamua mtoto anafaa shule gani na anahitaji msaada gani darasani. Kazi yao ni njema, na ripoti yao ibebe. Ila haishiki nafasi ya ripoti ya hospitali. Ya ulemavu hufanywa na jopo la madaktari katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, nayo ndiyo inayotegemewa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, NCPWD, kukusajili na kukupa kadi. Siku hizi ombi lenyewe linapitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Asiyejua kuitumia aende Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali, au ofisi ya Baraza katika kaunti yake, asimpe neno lake la siri kijana wa saiba asiyemfahamu. Na yule atakayekufuata kwenye benchi akisema ana mtu ndani wa kuharakisha, mwambie ahsante.

Kuhusu siku ya kwenda: uliza kwanza. Jopo halikai kila siku. Sisi tulifika hospitali moja saa 12 na nusu asubuhi, mtoto begani, tukaambiwa saa 4 kwamba wanaopima hukaa siku moja tu kwa wiki, nayo ilikuwa jana. Simu moja ingetuokolea nauli. Uliza pia kama kuna ada, kama kuna vipimo vya kuja navyo, kwa mfano cha masikio, na kama chumba kiko ghorofani na lifti inafanya kazi. Mwenye kiti cha magurudumu anajua mambo ya matatu, makanga wanataka nauli ya viti viwili na bado wanamkunja kunja. Kwa Mombasa tuktuk ni ghali zaidi lakini inamfikisha mtu akiwa mzima. Beba chakula, maji, nepi, nguo ya kubadilisha na dawa za saa hiyo. Kiziwi aende na mkalimani wa lugha ya ishara, na ikiwezekana mkalimani huyo asiwe mtoto wake wa miaka kumi, maana kuna maswali ambayo mtoto hapaswi kumtafsiria mama yake.

Aliyeumia juzi, au aliyepata kiharusi mwezi uliopita, huenda akaambiwa asubiri matibabu yatulie ndipo ulemavu ujulikane ni wa muda au wa kudumu. Asikasirike. Muda huo aendelee kukusanya karatasi za mazoezi ya viungo na za kutolewa hospitalini, zitamfaa.

Sasa kadi. Wengi wanaipokea kama mtu aliyeshinda bahati nasibu, kisha wanakaa kusubiri pesa. Kadi ni ya kukufungulia lango la nje tu, ndani kuna milango mingine na kila mmoja una masharti yake. Pesa za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kusaidia wasiojiweza, shilingi 2,000 kwa mwezi, ni za mwenye ulemavu mkali anayehitaji kuangaliwa muda wote, na nyumba yenyewe iwe haina uwezo. Usajili wake unapitia kwa chifu na maafisa wa ustawi wa jamii, hufunguliwa kwa vipindi, kwa hiyo ni lazima mzee wa mtaa akujue. Hapa ndipo majirani wengi hukwama: mtoto amefichwa ndani miaka yote, chifu hajui kama yuko, na orodha inapoandikwa hayumo. Mama mmoja wa jirani yetu alimwambia mama yangu bila kupepesa, "Mficha uchi hazai, bi mkubwa." Walinuniana siku mbili.

Pesa hizo hupokelewa na mlezi kwa niaba ya mwenye ulemavu, kwa hiyo fikirini kwa makini nani ataandikwa. Kwetu jina la kwanza kutajwa lilikuwa la dada, kwa kuwa ndiye mama mzazi. Lakini yuko Saudia, nani atakwenda benki? Akaandikwa bibi. Aandikwe yule anayeshinda naye, mwenye kitambulisho kinachosomeka na ambaye vidole vyake bado vinakubaliwa na mashine. Mama amefua nguo za watu miaka thelathini, alama za vidole zimefifia, tulijaribu vidole vyote kumi mpaka kimoja cha shahada kikakubali.

Mwenye ulemavu aliyeajiriwa ana haki ya kusamehewa kodi ya mapato kwa shilingi 150,000 za kwanza za kila mwezi. Msamaha huo hauji na kadi, unaombwa KRA, mamlaka ya kodi, na cheti chake kina tarehe ya mwisho. Nimemwona mwalimu aliyekatwa miezi mitano kwa kusahau tarehe. Iandike ukutani.

Kiti cha magurudumu, magongo au vifaa vya kusikia unaweza kuviomba kupitia mfuko wa maendeleo ulio chini ya Baraza. Wenye ualbino huomba losheni ya jua. Kwa kiti ninalo neno moja: kubali kupimwa. Kiti cha msaada kilichotoka kwenye kontena, kikubwa kama sofa, kinamkunja mtoto mgongo. Hapa Mombasa tuna bahati, mafundi wa karakana ya Bombolulu wanajua kupima nyonga na mapaja, na wanajua mtoto hukua.

SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, ni jambo jingine kabisa. Kuwa na kadi ya ulemavu hakukuandikishi huko. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara huulizwa maswali kuhusu nyumba yake ndipo apangiwe kiasi, kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi. Jibuni maswali hayo mkiwa mmetulia, mwenye nyumba akiwepo, na hakikisheni mtoto ameandikwa kama mtegemezi kwa jina lile lile la cheti.

Mara ya pili tulikwenda siku ya Alhamisi, baada ya kuthibitisha kwa simu. Jopo lilikuwa na madaktari watatu, na yule binti alikuwemo. Akauliza tena, "Mtoto anaendeleaje, mama?" Mama akasema hajambo, maana salamu ni salamu. Kisha akavaa miwani yake, akafungua daftari kwenye Jumatatu.