SOMO: Inzi weupe kwenye hoho, geuza jani kwanza

Wadau, kiangazi kimeshika. Hapa Kigoma sasa hivi ukigusa tu mche wa hoho unainuka moshi mweupe. Wengi tunakimbilia kuupiga dawa ule moshi, na ndipo tunapokosea: wanaoruka ni wazazi, watoto wamebaki chini ya jani.

Hatua ya 1: Geuza jani. Iwe asubuhi na mapema, kabla jua halijawachangamsha. Utaona inzi wa kama milimita 1, mbawa kama zimepakwa unga, na pembeni yao vidonge bapa, vyeupe kuelekea njano, vimeganda havitembei. Hao ndio watoto, wananyonya. Majani ya chini yakinata na kushika weusi kama masizi ya sufuria, huku sisimizi wakipanda na kushuka, ujue wapo siku nyingi.

Hatua ya 2: Chuma majani yaliyojaa, tia kwenye ndoo yenye mfuniko, kachome. Mche uliojikunja na kudumaa ung'oe, huenda una virusi, na virusi havina dawa.

Hatua ya 3: Sabuni. Maji lita 5, sabuni ya maji vijiko 5 vya chakula. Ya unga ya kufulia hapana, inababua. Sabuni yetu ya mche ya mawese ukiikwangua ikayeyuka yote inasaidia, ila ni kali. Mimi niliipiga saa saba mchana, kesho yake majani yakawa kama yamemwagiwa uji wa moto. Kwa hiyo jaribu majani mawili matatu, subiri siku 2, kisha piga jioni, pua ya bomba ikitazama juu. Sabuni inaua aliyelowa tu, ikikauka imekwisha kazi. Mayai yanabaki, na kwa joto letu yai linakuwa inzi kwa wiki 3 hivi. Rudia kila baada ya siku 5 hadi 7, mara 4. Hapa ndipo wengi hukata tamaa.

Hatua ya 4: Kata vipande vya dumu la njano la mafuta, paka grisi nyembamba, ning'iniza usawa wa ncha za miche. Nilijaribu kupaka mawese, njano yote ikapotelea kwenye wekundu. Mtego hauwamalizi, unakuonyesha kama wanapungua.

MASWALI

Mdau, Ujiji: Mwalimu, mwarobaini je?
– Unafaa. Mbegu zina nguvu kuliko majani. Twanga gramu 50 za mbegu kavu, loweka usiku kucha kwenye lita 1 ya maji, chuja, ongeza sabuni kidogo. Hauui papo hapo, unawazuia watoto wasikue.

Mdau, Kasulu: Natia urea kila wiki, hoho zimenawiri lakini wadudu ndio kwanza wanaongezeka.
– Umewaandalia karamu, ndugu yangu. Wanapenda majani laini. Pumzisha urea.

Mdau, Gungu: Jirani ana mihogo yenye batobato (ugonjwa wa virusi unaotia majani mabaka). Wanatoka huko?
– Batobato inaenezwa na inzi weupe kweli, ila wale wa muhogo mara nyingi hawaihangaikii hoho. Kagua kwanza nyanya, bamia na mbilingani zako.

Mdau, Uvinza: Nimepiga dawa ya dukani ileile mara 3, hawafi.
– Wameshaizoea, na umeua buibui waliokuwa wanakusaidia. Iache, anza hatua ya 1.