Pembe ya baruti kwa bunduki ya gumegume: anza na waya, keekee baadaye

Anayetaka kuchonga bunduki ndefu ya gumegume (inayowasha baruti kwa cheche za jiwe) kama zile za Pennsylvania za karne ya 18, mimi humwanzisha na pembe ya baruti, yaani chombo cha pembe cha kubebea baruti. Kosa la pembe ni rahisi kulilipia kuliko kosa la kitako.

1. Tafuta pembe ya ng'ombe isiyo na nyufa, yenye ncha nene. Iweke ubavuni mwako: mpindo ufuate mwili. Kama mfupa bado umo ndani, chemsha mpaka ulegee, kisha ung'oe. Fanyia kazi hii nje, majirani watakushukuru.

2. Hapa ndipo pembe nyingi hufia. Ingiza waya laini mpaka ukome, utoe, kisha uulaze juu ya pembe ukifuata mpindo uleule. Mwisho wa waya ndio mwisho wa uwazi, weka alama. Kata ncha, ukiacha sentimita 3 au 4 za sehemu ngumu mbele ya alama. Bana pembe kwenye jiliwa, utoboe polepole kuanzia ncha iliyokatwa, kwa keekee yenye biti ya milimita 6. Tundu huenda moja kwa moja ilhali pembe inapinda, kwa hiyo simama kila mara, elekeza upya. Katika pembe yangu ya kwanza, keekee ilitokea ubavuni mwa pembe; nilikuwa nimetengeneza baragumu.

3. Mdomo mpana mara nyingi huwa na umbo la yai. Uchemshe ulainike, sukumia ndani kigingi cha mbao cha mviringo, uache upoe. Chonga kizibo cha msonobari kinachobana, pakaza nta, kipigilie kwa vijiti vya mbao.

4. Kwangua nje kwa kipande cha kioo kilichovunjika. Vaa barakoa, maana vumbi hili ni baya kifuani. Pembe ikishakuwa nyembamba, ielekeze kwenye mwanga: baruti iliyobaki itaonekana bila kufungua.

5. Kuchora ni hiari. Katika vita vya Waingereza na Wafaransa huko Amerika Kaskazini, 1754–1763, askari walichora ramani za mto Hudson na ngome zake kwa ncha ya kisu. Ukishachora, sugua masizi yaliyochanganywa na mafuta, ufute.

6. Zamisha upande wa kizibo majini, upulize kwenye ncha. Povu likitoka, ongeza nta hapo. Ikauke kabisa kabla ya kutia baruti, na mdomo mwembamba uuzibe kwa kijiti cha mti mgumu.