Kabla hujanunua betri nyingine, pima kwanza

Hapa Busia, upande wa Uganda, vijana wa boda huniletea betri wanazosema zimekufa, kumbe nyingine ni nzima kabisa. Kabla hujatoa hela, tafuta multimita, yaani mita ndogo ya kupimia umeme yenye waya mbili. Hata ile ya bei ya chini, ya manjano, inatosha kwa betri.

Waya mweusi chomeka kwenye tundu la COM, na usiutoe hapo. Mwekundu uende kwenye tundu lenye V na Ω. Lile tundu la 10A achana nalo. Ukisahau waya humo kisha ukagusa betri, umeunganisha chanya na hasi moja kwa moja: cheche, nyaya zinayeyuka, na mita nyingi za bei rahisi hazina fyuzi hapo.

Zungusha swichi hadi 20, upande wa V yenye mstari ulionyooka. Mweusi kwenye hasi, mwekundu kwenye chanya. Ukikosea upande, utaona tu alama ya kutoa mbele ya namba. Betri ya volti 12 iliyojaa, na iliyopumzika, husoma kama 12.6. Chini ya 12, ichaji kwanza.

Ila namba hiyo peke yake hudanganya, na hapo ndipo watu wanaliwa hela. Mwambie mwenzako apige stata, wewe kaza macho kwenye kioo cha mita. Ikiporomoka chini ya 9.6 na ulikuwa umeichaji, betri imechoka. Ikibaki juu ya 10 na stata bado inajivuta, usilaumu betri. Gusa nguzo ya betri kwa ncha moja, na kwa nyingine uguse kichwa cha waya kilichofungwa juu yake, stata ikipigwa. Inatakiwa karibu sifuri. Ukiona nusu volti, ni kutu: fungua, piga msasa, kaza skurubu.

Injini ikiwaka na ukiipa mafuta kidogo, pima tena chanya na hasi za betri: tarajia kama 14. Ikibaki 12.5, chaji haifiki.

Umeme wa ukutani ni volti 240, na huko mimi sipeleki ile ya manjano. Tafuta mita iliyoandikwa CAT III, yaani daraja la usalama linalofaa umeme wa nyumba, weka V yenye wimbi, kwenye kipimo kikubwa kabisa, na vidole vibaki nyuma ya kingo za plastiki.

Na ukiona kialama cha betri kwenye kioo, usiamini namba yoyote: badilisha betri ya mita yenyewe.